Mbuyu wa Mwaka 1331: Uchambuzi wa Kisa cha Gemu ya Kusafiri Katika Wakati Iliyotengenezwa Lindi

Kabla ya yote

Kisa hiki ni cha vijana watano wa Lindi mjini waliotengeneza gemu ya simu ambamo mchezaji anakwenda na kurudi kati ya Kilwa Kisiwani ya leo na Kilwa Kisiwani ya mwaka 1331. Mimi nilikuwa mshauri wao. Nimefundisha historia sekondari kwa miaka mingi, na gemu nimezipenda tangu ujana, basi wakaniomba niwe napita kwao kila Jumamosi. Majina yao, jina la gemu na mtaa waliofanyia kazi nimeviondoa. Mambo mengine madogo nimeyabadilisha ili wasitambulike. Nitawaita kwa kazi zao: koda (mwandishi wa programu), mchoraji, mtunzi wa hadithi, fundi wa sauti, na mdogo wao, ambaye kazi yake ilikuwa kuicheza gemu mpaka aiharibu.

Naandika kwa sababu karibu kila kijana ninayemwona akianza kutengeneza gemu anavutwa na wazo la kurudi zamani. Wazo hilo ni tamu na lina mtego ndani yake. Kundi hili liliitengeneza gemu yao mara tatu. Matoleo mawili ya kwanza yalikufa, la tatu likaishi, na tofauti kati yao inaweza kuelezwa.

Usuli

Walikuwa na laptopu mbili. Moja betri yake ilishakufa, hivyo umeme ukikatika nayo inazimika hapo hapo pamoja na kazi yote ambayo haijasevuliwa. Injini ya gemu waliyotumia, yaani programu ya kujengea gemu, ni Godot, kwa kuwa ni ya bure na haichoshi mashine dhaifu. Simu waliyoilenga ni Android ya bei nafuu yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2. Walichagua hiyo kwa sababu ndiyo iliyomo mifukoni mwa ndugu na majirani zao, na sikuwahi kuwasikia wakibadilisha nia juu ya hilo.

Wazo lilizaliwa kwenye ziara ya shule, miaka kadhaa nyuma, walipovuka kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani. Koda aliniambia kwamba aliposimama ndani ya Msikiti Mkuu, kati ya zile nguzo na matao, akatazama juu pale paa lilipoporomoka, alitamani awe na kitufe. Akibonyeze, paa lirudi, watu warudi, kisha akibonyeze tena arudi kwenye magofu. Alitaka hivyo tu. Nawaomba mkishike kitufe hicho, kwa sababu wao walikisahau kwa karibu mwaka mzima.

Toleo la kwanza: kurudisha sekunde nyuma

Toleo la kwanza halikuwa na mwaka 1331. Lilikuwa na binti anayeruka juu ya kuta za magofu akimfukuza mwizi wa sarafu, na akianguka, mchezaji anashika kitufe na sekunde zinarudi nyuma.

Mfano wao ulitoka kwenye gemu mbili. Ya kwanza ni Prince of Persia: The Sands of Time ya mwaka 2003, waliyoicheza kibandani kwenye PlayStation 2 kuukuu. Ndani yake mwana wa mfalme akikosea mruko anaweza kuurudisha wakati kwa sekunde chache, lakini kila akirudisha anatumia mchanga, na mchanga ukiisha hana msaada. Ya pili ni Braid ya mwaka 2008, ambayo inakuruhusu kurudisha wakati utakavyo bila kikomo. Braid inaweza kutoa ukarimu huo kwa sababu mafumbo yake yote yamejengwa juu ya kurudisha wakati: kuna vitu vinavyotii ukirudisha na vingine havitii kabisa, na mchezaji anafungua fumbo kwa kuitumia tofauti hiyo. Vijana wangu walichukua ukarimu wa Braid na miruko ya Prince of Persia, wakaacha gharama ya kila moja.

Shida ya kwanza ilikuwa ya hesabu. Ili gemu irudishe wakati, lazima ikumbuke kila kitu kilikuwa wapi. Walikuwa na vitu 40 vinavyotembea, na gemu inachora picha 60 kwa sekunde. Dakika moja tu ya kumbukumbu ni 40 mara 60 mara 60, yaani rekodi 144,000. Koda akapunguza, akawa anarekodi mara 10 kwa sekunde na kuiacha gemu ikisie nafasi zilizo katikati. Rekodi zikashuka hadi 24,000 na simu ikapumua, lakini sasa ngalawa zilizokuwa zikirudi nyuma zilipita ndani ya kuta.

Shida ya pili ndiyo iliyoliua toleo. Waliipeleka kwenye kibanda cha gemu jirani, wakawapa vijana waliokuwa wakisubiri zamu ya mpira. Mmoja alianguka, akarudisha, akaanguka, akarudisha, kisha akaishusha simu. "Kaka, sasa hapa mimi nakufa saa ngapi?" Alikuwa anauliza kwa dhati. Hakukuwa na jibu.

Kuna jambo la tatu ambalo hakuna aliyelisema siku ile, nami nililiona baadaye. Sekunde zile hazikuhusu Kilwa hata kidogo. Gemu ileile ungeweza kuihamishia popote pale, na isingepoteza kitu. Baada ya miezi miwili wakaamua kuacha. Uamuzi ulikuwa sahihi, ingawa sababu waliyoitoa, kwamba simu haiwezi, ilikuwa nusu tu ya ukweli.

Toleo la pili: kuibadilisha historia

Mtunzi wa hadithi akaja na pendekezo lililotuwasha wote. Nyakati zitakuwa tatu: 1331, mwaka ambao msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa na kumkuta Sultani Hasan bin Sulaiman, 1505, mwaka ambao Wareno chini ya Francisco de Almeida waliuvamia mji, na leo. Mchezaji ataweza kuuzuia uvamizi. Kilwa itabaki mji mkuu wa biashara ya dhahabu ya Sofala, na leo ya mchezaji itakuwa leo nyingine.

Mdogo wao alitaka wakati wa nne, miaka milioni 150 nyuma, wa madinosaria wa Tendaguru. Si wazo la kubeza. Tendaguru iko mkoani kwetu, mifupa yake ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, na mnyama mkubwa kuliko wote waliotoka pale amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho mjini Berlin. Akataja Chrono Trigger, gemu ya mwaka 1995 inayoanzia miaka milioni 65 kabla ya Kristo na kufika mwaka 2300. Kama wao waliweza, kwa nini sisi tusiweze?

Nikiri hapa. Tendaguru niliikataa, lakini la 1505 nililipigia debe. Nimefundisha mada ile mara nyingi nikiona wanafunzi wakinakili tarehe bila kuhisi kitu, na nilitaka sana kijana mmoja, hata katika gemu, asimame ufukweni na kuyazuia mashua ya Wareno. Tamaa yangu ya ualimu iliwagharimu miezi minne.

Hesabu ilikuwa rahisi na hatukuifanya. Kama kuna maamuzi sita makubwa, na kila moja lina ndiyo au hapana, zinapatikana hali 64 za mji wa leo. Kila hali inataka kuchorwa, inataka watu wanaozungumza kulingana na yaliyotokea, inataka sauti. Walikuwa na mchoraji mmoja. Chrono Trigger yenyewe, pamoja na kampuni nzima ya Square nyuma yake, haifanyi hivyo. Ina miisho mingi, lakini katikati ya safari matendo mengi yanabadilisha mahali pamoja tu. Tendo linalokumbukwa zaidi na watu walioicheza ni dogo: roboti aitwaye Robo anaachwa nyuma ili alime jangwa kwa miaka 400, na kwa wenzake, wanaoruka mbele kwa mashine, ni kufumba na kufumbua. Wanamkuta amechakaa, na pale palipokuwa mchanga pana msitu. Ulimwengu mwingine haujabadilika, ila msitu upo, na unaweza kuutembelea.

Safari ya Kisiwani

Mtunzi akasema hawawezi kuendelea kuchora mahali walipopaona mara moja wakiwa watoto. Tukachanga nauli, tukapanda basi hadi Nangurukuru, tukakata kwenda Masoko, na asubuhi tukavuka. Tulipokelewa na bibi mmoja ambaye ukoo wake umekaa kisiwani siku zote. Tukamwamkia, akatuitikia, akatutandikia mkeka, na mchoraji akamwonyesha michoro kwenye simu.

Bibi alitazama mchoro wa 1331 kwa muda mrefu. Kisha akaweka kidole juu ya jengo lililo karibu na pwani. "Hili Gereza mbona limetangulia?"

Alikuwa amesema kweli. Gereza ni jina la ngome. Ile ya kwanza ilijengwa na Wareno 1505, na hili linaloonekana leo lilijengwa wakati wa Waomani juu ya mabaki yake, karibu na mwaka 1800. Mchoraji alikuwa amechora kila gofu alilowahi kuliona kana kwamba yote yalisimama siku moja. Mimi mwalimu wa historia nilikuwa nimeupitisha mchoro ule mara tatu.

Mtunzi akamweleza kwamba mchezaji ataweza kuwazuia Wareno. Bibi akamsikiliza hadi mwisho. "Mjukuu wangu, ukishawazuia hao, sisi tuliobaki hapa tutakuwa tumetoka wapi?" Hakusema kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeulizia nafasi yake ya kukaa. Halafu akauliza jambo ambalo halikuwa kwenye karatasi zetu hata mara moja: "Na maji? Kisima mnakionyesha wapi?"

Usiku ule Masoko hatukulala mapema. Koda alisema 1505 iondoke. Mtunzi alipinga, kisha akanyamaza. Mchoraji, ambaye wiki tatu za kazi yake zilikuwa majahazi na mizinga ya 1505, alitoka nje, na aliporudi alisema neno moja, "Sawa", na hakuzungumza tena hadi Lindi. Uamuzi ulichukuliwa kwa kura nne dhidi ya moja. Ninaona ulikuwa sahihi, na ninaona pia kwamba tulimwumiza mtu ambaye kosa halikuwa lake.

Toleo la tatu: mahali pamoja, nyakati mbili

Toleo la tatu lilianza na kurudi kwa kile kitufe. Unasimama mahali fulani leo, kati ya magofu. Unabonyeza. Umesimama palepale, 1331. Unabonyeza tena, umerudi.

Hadithi nayo ikawa ndogo. Binti wa Kisiwani, kisima cha kwao kimeingia chumvi. Bibi yake anaimba wimbo wa kale unaotaja kisima cha maji matamu ambacho hakuna anayejua kilipo. Anakitafuta. Basi.

Kwa upande wa ufundi, koda alisoma jinsi Titanfall 2 ya mwaka 2016 ilivyofanya katika sehemu yake moja maarufu, ambapo mchezaji ana kifaa mkononi kinachomrusha kati ya jengo lililoharibika na jengo lilelile likiwa zima. Siri yake ni nyepesi kuliko inavyoonekana. Ramani zote mbili zipo kwa wakati mmoja, moja juu ya nyingine, na kitufe kinamhamisha mchezaji hadi nafasi inayolingana upande wa pili. Gemu ya vijana inatazamwa kutoka juu, kwa hiyo koda aliziweka ramani ubavu kwa ubavu: ya leo kushoto, ya zamani kulia. Kitufe kinaongeza au kupunguza namba moja kwenye nafasi ya binti. Hakuna kusubiri ramani ipakiwe. Ilibidi ramani ziwe ndogo ili zote mbili zienee kwenye gigabaiti 2, na udogo huo ukawa faida, maana mchezaji anapita kila kona mara nyingi kiasi cha kuikariri.

Kulikuwa na hatari ya kubonyeza kitufe ukajikuta ndani ya ukuta ambao leo umeanguka lakini zamani umesimama. Mdogo aliifanya mara saba katika saa moja, kwa furaha kubwa. Wakaamua kitufe kikatae, na badala yake kivuli cha ukuta usioonekana kijichore mbele ya mchezaji kwa nusu sekunde. Kosa likageuka dokezo: watu wakaanza kutembea kwenye magofu wakibonyeza ili wajue kuta zilikuwa wapi.

Kisha ikaja sheria, na hapa ndipo ninapoona moyo wa kisa chote. Sheria ni moja: kinachoachwa zamani hukutwa leo, kwa kadiri kinavyodumu. Binti mwenyewe hawezi kubeba kitu kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Anabeba anachokijua tu. Lakini akiweka kitu kwenye kidaka cha ukutani mwaka 1331, atakikuta leo kama wakati umekiachia. Bakuli la kauri la China litakuwepo, pengine limepasuka. Sarafu ya shaba ya Sultani Hasan itakuwepo, imegeuka kijani. Kitambaa hakitakuwepo. Boriti ya mkoko itakuwa imeoza, na dari iliyoibeba itakuwa chini. Ukitaka kujiachia ujumbe usiuandike kwenye nguo. Uchonge kwenye tumbawe.

Sheria hii hatukuibuni hewani. Ndivyo magofu ya Kilwa yanavyosema na wachimbaji: kauri, sarafu na chokaa vimebaki, nguo na mbao zimekwenda. Na kwenye gemu ina mtangulizi mzuri. Day of the Tentacle ya mwaka 1993 ina marafiki watatu waliotawanyika katika nyakati tatu, mmoja miaka 200 nyuma na mwingine miaka 200 mbele, na kuna fumbo ambamo chupa ya mvinyo inawekwa akiba zamani ili wa mbele aikute imekuwa siki. Ukilifungua fumbo lile unacheka kwa sababu ulikuwa unajua tangu nyumbani kwamba mvinyo huchacha. Mtoto wa pwani naye anajua tangu nyumbani kwamba boriti huoza na kauri haiozi. Gemu haikumfundisha jambo jipya, ilimpa nafasi ya kulitumia alilonalo.

Kuhusu kubeba maarifa tu, mfano wetu ulikuwa Outer Wilds ya mwaka 2019. Jua linalipuka kila baada ya dakika 22, mchezaji anarudi mwanzo mikono mitupu, na alichojifunza ndicho pekee kinachombakia. Kwa kundi letu uamuzi huo ulikuwa pia wa kiuchumi. Kama vitu havivuki, hakuna haja ya kuchora watu wa 1331 wakiishangaa tochi.

Mbuyu

Fumbo kubwa kuliko yote ni la mbuyu. Ukuta wa ua wenye kisima leo umeporomoka ukaziba njia, na juu yake hakuna pa kushika. Mwaka 1331 binti anapanda mbegu. Leo anaukuta mti na kuukwea.

Asili yake ni The Legend of Zelda: Ocarina of Time ya mwaka 1998, ambamo shujaa wake, Link, anapanda haragwe akiwa mtoto, na baada ya miaka saba mmea wake unambeba hewani. Sisi tulikuwa na takriban miaka 690. Mchoraji alianza kwa kuchora mnazi, kwa sababu minazi ndiyo anayoichora vizuri. Mdogo akauliza, "Dada, mnazi gani wa miaka mia saba?" Mbuyu unaishi miaka hiyo na zaidi, na Kisiwani mibuyu ipo. Ulimpatia mchoraji kazi aliyoipenda tena kwa mara ya kwanza tangu Masoko. Alichora gome la mbuyu ule kwa siku nne, na ukiiona gemu utajua.

Jinsi ya kumdokezea mchezaji apande pale ilikuwa kazi ya mtunzi, na aliifanya kwa namna ninayoionea fahari. Hakuweka mshale wala taa. Ukisimama leo kwenye ardhi tupu, maandishi yanasema: "Hapa pangalikuwa na mbuyu." Hayo tu. Kiswahili kinacho kiambishi cha *-ngali-* kwa ajili ya jambo ambalo mlango wake umeshafungwa, na ukimpa mtu kitufe cha kwenda 1331, mlango umefunguka. Ukirudi baada ya kupanda, maandishi yanasema: "Hapa pana mbuyu." Katika watu kumi na mmoja walioijaribu, tisa walielewa bila kuambiwa. Wawili waliobaki walikuwa wanaruka maandishi.

Daftari la matendo

Jambo moja la ufundi linastahili aya yake. Katika toleo la pili gemu ilikuwa ikisevu hali ya kila wakati peke yake, kila kitu kilipo katika kila mwaka, na mafaili yakagongana hadi mji wa leo ukawa haukumbuki kilichofanyika jana yake. Toleo la tatu linasevu orodha ya matendo 14 tu, kila moja limefanyika au halijafanyika. Ukibonyeza kuja leo, programu inalisoma daftari na kuijenga leo upya kutoka mwanzo. Mbegu imepandwa? Weka mbuyu. Kauri imewekwa kidakani? Weka vigae. Umeme ulikatika mara nyingi mno wakati wa majaribio na ile laptopu isiyo na betri ikazima kila mara, na hakuna tendo hata moja lililopotea.

Ubishi wa wimbo

Mwisho wa gemu, binti anakijua kisima kwa sababu amekiona 1331. Kabla ya kurudi anamfundisha mtoto wa zamani wimbo wa bibi, ule unaotaja kisima. Mtoto atawaimbia watoto wake, nao watoto wao, mpaka bibi.

Fundi wa sauti ndiye aliyeuliza: "Sasa huu wimbo alitunga nani?"

Ni duara lisilo na mwanzo, na Ocarina of Time inalo lile lile. Mpiga muziki wa kwenye kinu cha upepo anamfundisha Link mkubwa wimbo alioufahamu kutoka kwa mtoto mmoja miaka saba iliyopita, na mtoto mwenyewe ni Link aliyerudi nyuma kuupiga. Koda alitaka liondolewe, akasema linavunja sheria: kitu kimetokea bila kuachwa na mtu. Mtunzi alisema halivunji, maana wimbo ni maarifa, na maarifa yanaruhusiwa kuvuka. Wakabishana wiki mbili, mara nyingine juu ya sahani moja ya ming'oko.

Niliulizwa, nikajibu libaki. Nyimbo za ngoma na za jandoni tunazozijua kusini zimetufikia bila jina la mtunzi. Tumezikuta vinywani mwa wakubwa zetu, nao walizikuta. Duara lile linamfanya mchezaji ahisi jambo ambalo tayari ni la kweli. Liliachwa. Koda na fundi wa sauti bado wanaona ni kosa, na hoja yao ina uzito: mchezaji aliyeshika sheria kwa saa nzima ana haki ya kuidai hadi mwisho.

Matokeo

Gemu inachukua kama dakika 40 kuimaliza. Inapita kutoka simu hadi simu. Haijaingiza pesa. Bibi wa Kisiwani alipelekewa, akamshikisha mjukuu wake simu na yeye akawa anatoa amri: nenda kule, rudi, hapo palikuwa na mlango.

Kilichofanya kazi, na kisichofanya

Nikiyatazama matoleo matatu, kilichoamua ni ukubwa wa umbali kati ya tendo na jibu lake. Kwenye toleo la kwanza jibu lilikuwa karibu mno: sekunde mbili, na halina maana. Kwenye la pili lilikuwa mbali mno: unazuia vita hapa, na mabadiliko yako yametawanyika juu ya mji mzima ambao mchoraji mmoja hawezi kuuchora. Kwenye la tatu tendo na jibu vinakaa kwenye miraba ileile ya ramani, na kitufe kimoja kinavikutanisha. Mchezaji hahitaji kuambiwa kwamba amebadilisha kitu. Amesimama juu yake.

Kusema wazi nini kinabaki na nini kinapotea nako kulisaidia sana. Majora's Mask ya mwaka 2000 ina mchezaji anayeishi siku tatu zilezile mwezi ukiwa unaanguka, na akirudi siku ya kwanza anapoteza fedha na mishale lakini barakoa zinabaki. Watu hawakasiriki, kwa sababu walijua mapema. Fundi wa sauti alikuwa na wazo la aina hiyo lililofaa kuliko tulivyolipa nafasi: gemu inayojirudia kwa kupwa na kujaa kwa maji, bamvua ikiwa ndiyo siku pekee ambayo njia ya mchangani inafunguka. Tulilikataa kwa kuchoka. Natumaini litakuwa gemu yao ya pili.

Saa ilitushinda mwanzoni na ni kosa la kijinga la kunakili. Jua likichomoza skrini iliandika 07:00, na wachezaji wengi wakasoma saa saba, wakashangaa jua la mchana liko chini hivyo. Sasa inaandika saa moja asubuhi.

Kilichoshindwa zaidi ni mpangilio wa kazi. Sheria ya wakati ilipaswa kuandikwa kabla ya mchoro wa kwanza, na mtu wa kisiwani alipaswa kuulizwa kabla ya sheria. Sisi tulichora, tukaandika, kisha tukauliza. Michoro ya 1505 bado ipo kwenye laptopu ya mchoraji. Hajaifuta, na hakuna aliyemwomba aifute.

Kasoro moja ilibaki. Mbegu inaweza kupandwa popote penye udongo laini, na mtoto mmoja wa darasa la sita aliipanda kando ya kisima chenyewe. Aliporudi leo, mizizi ya mbuyu ilikuwa imekifunika kabisa na gemu ikawa haiwezi kumalizika. Koda alirekebisha siku hiyohiyo: sasa unaweza kurudi 1331 na kuung'oa mche. Tukampa mtoto simu tena, tukamweleza. Alirudi zamani, akasimama mbele ya mche, hakubonyeza. Akarudi leo, akauzunguka mbuyu wake, akauliza kama hakuna kisima kingine mahali. Hatukuwa nacho. Mchoraji anakichora sasa.